Karatasi Zilizolala Bani

Juzi mjukuu wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye maabara moja Dar es Salaam, alinionyesha kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha buluu. Akasema, "Bibi, hii ndiyo bafa ya kutolea. Unaidondosha juu ya kichujio, unasubiri dakika moja, unazungusha kwenye mashine, DNA yako inashuka chini safi." Nikamwuliza ndani ya bafa hiyo mna nini. Hajui. Nikamwuliza, je, DNA ikikataa kutoka, utajuaje? Akacheka. "Mashine itaandika sifuri, Bibi."

Nimeandika haya kwa ajili yake na ninyi wenzake, kwa sababu sifuri naijua. Niliwahi kuiandika mara themanini na kitu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino mzuri, halafu nikaenda kunywa chai.

Nilifika Tabora nikiwa na shahada mpya na maswali mengi kuliko nguo. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Watu walikuwa wanatolewa kwenye mashamba yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja, na upande wa magharibi, kuelekea Usinge, baadhi ya vijiji vipya vilipangwa ukingoni kabisa mwa msitu. Msitu ule ulikuwa na mbung'o, na mbung'o huleta malale. Kazi ya maabara yetu ya hospitali ilikuwa kujibu swali moja tu: kijiji hiki kina malale au hakina?

Hatukuwa na barafu ya kusafirishia damu, na gari letu lilikaa juu ya mawe kwa muda mrefu kuliko lilivyokaa juu ya matairi. Kwa hiyo tulitumia karatasi. Mhudumu wa kijiji anamchoma mtu kidole, anadondosha tone la damu kwenye karatasi ya kuchujia, anaikausha, anaandika namba, anaitia kwenye bahasha, na bahasha inapanda treni kuja Tabora. Sisi tunakata kiduara kwa panchi ileile ya ofisini, tunakitumbukiza kwenye kineli cha kioo, tunaongeza matone machache ya bafa na kukiacha kwenye jokofu mpaka kesho yake. Bafa inaingia ndani ya nyuzi za karatasi, inaibembeleza damu itoke.

Bafa yetu haikuwa na siri. Maji yaliyokenekwa kwa mvuke, chumvi, na fosfeti za aina mbili, zimepimwa ili maji yasiwe machachu wala yasiwe kama magadi. Itengeneze wiki hii kwa kazi ya wiki hii. Ikikaa sana inaota utando, nawe utadhani utando ni protini. Protini zikikuta maji makali hujikunja, zikang'ang'ania karatasi, na hapo hata uziloweke mwezi mzima hazitoki. Zikikuta maji yanayofanana na damu yenyewe, hutoka zilivyo. Maji yale tuliyaweka kwenye vishimo vya sahani ya jeli. Mtu mwenye malale damu yake hujaa kingamwili za aina moja, na hizo huchora pete nyeupe kuzunguka kishimo. Ukiona pete kubwa, unamwita mtu huyo upesi, unamtafuta mdudu kwa hadubini. Mtu asiye na malale, pete yake ni ndogo mno au huioni kabisa.

Kumbukeni hilo la mwisho. Mtu mwenye afya na karatasi iliyokufa, kwenye sahani, wanafanana.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Feruzi, mwenyeji wa mtaa wa Mtendeni, wa ukoo uliokaa mjini pale tangu enzi za misafara. Hakuwa na cheti chochote. Alianza kwa kuosha chupa wakati wa mkoloni, akawa anatazama mikono ya waliokuwa wanazichafua. Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza kwa nini meza ya jeli iko karibu na dirisha, kwa nini chumvi inapimwa kabla ya fosfeti, na kwa nini analitikisa jokofu asubuhi. Akajibu mawili. La tatu akasema, "Hilo jokofu usipolitikisa halifanyi kazi. Kwa nini halifanyi kazi, mwulize aliyelitengeneza." Tangu siku hiyo akaniita Bibi Kwa-nini, na hospitali nzima ikafuata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, kwa hiyo nitalisimulia kwanza. Mtambo wa kukeneka maji uliungua. Nikachukua chupa kubwa kutoka banda la magari, nikaisuuza, nikaenda mtaa wa Kanyenye kwa Bwana Kanji aliyekuwa anauza vipuri, kununua maji ya kuongezea betri.

"Gari gani, dada?" akauliza.

"Si gari. Ni kwa ajili ya damu."

"Aa! Damu ya serikali imekwisha chaji?"

Alijaza chupa, nikarudi, nikatengeneza bafa. Kesho yake vineli vyote vilikuwa na uchafu wa kahawia chini, na ukosi wa koti langu ulikuwa na tundu. Nikarudi Kanyenye na moto kichwani. Bwana Kanji akanisikiliza mpaka mwisho, akainusa chupa, akanirudishia. "Dada, mimi nauza maji. Chupa umeleta wewe."

Ilikuwa chupa ya asidi ya betri. Nilihoji kila kitu mjini Tabora isipokuwa chupa iliyokuwa kwapani mwangu.

Mzee Feruzi hakunicheka sana. Alisema, "Babu yangu alikuwa mpagazi. Mzigo wa nguo ukifika hapa kutoka pwani, mwenye mali haanzi kwa kuupima. Anamwuliza aliyeubeba: ulilala wapi? Kama mzigo ulilala kwenye maji siku moja tu, hata uwe mkavu leo, nguo zimeoza ndani."

"Kwani asiufungue aone mwenyewe?"

"Ataufungua. Lakini akiufungua bila kuuliza, atajua nguo zimeoza na hatajua ni wapi. Na msafara wa nyuma utalala palepale."

Nikaona ni hadithi ya mzee. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tano, na nilikuwa na kipimo cha uchachu.

Mwanzoni mwa masika nilipelekwa Usinge kuwafundisha wahudumu wa vijiji. Kati yao alikuwapo Mzee Kasanda, mkulima wa tumbaku aliyehamia na familia yake kwenye kijiji kipya msituni. Alinizidi umri kwa miaka ishirini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaketi mbele kabisa na tangu hapo akaniita mwalimu. Ni jina zito. Mtu akikuita hivyo, atafuata usemalo.

Niliwaeleza mambo ya unyevu, ukungu na kuoza. Nilitumia maneno ya chuoni mengi kuliko yaliyohitajika. Nilipomaliza, Mzee Kasanda akainua mkono.

"Mwalimu, karatasi zikauke kiasi gani?"

"Zikauke kabisa. Zikibaki na unyevu hata kidogo, kazi yote imepotea."

"Na mvua hii?"

"Tafuta mahali pakavu, Mzee. Kijiji kizima hakikosi mahali pakavu."

Wenzake wakacheka. Yeye pia akacheka, akainama, akaandika kwenye daftari lake polepole. Niliyaona maneno hayo mwenyewe: pakavu kabisa. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile, nami nililifanyia utani kwa sababu sikuwa na jibu, na treni ilikuwa karibu kufika.

Bahasha yake ilikuja wiki tatu baadaye. Sijapata kuona kazi safi kama ile. Kila karatasi ina namba na jina, hakuna iliyokunjika wala kuota ukungu, ngumu kama kadi. Namba moja ilikuwa damu yake mwenyewe. Alijichoma wa kwanza mbele ya kijiji ili watu waone haiumi. Matone yalikuwa meusi kidogo, rangi ya buni zilizokaangwa. Mzee Feruzi aliifungua bahasha, akanusa, akakunja pua.

"Huyu Kasanda anazituma karatasi zetu, au anazivuta?"

Tukacheka wote wawili. Ilinuka tumbaku na moshi. Sasa mkulima wa tumbaku anuke nini?

Kesho yake nikavitoa vineli kwenye jokofu. Tulikuwa na desturi, nanyi ishikeni, ya kuweka kineli kimoja cha mgonjwa tunayemjua kila tunapopima. Hicho kilikuwa na rangi nyekundu hafifu kama chai ya pili. Vineli vya kijiji cha Kasanda vilikuwa vyeupe kama maji. Vyote. Kwenye jeli, mgonjwa wetu akachora pete yake. Kijiji hakikuchora chochote.

Nikaanza kuhoji. Nilishuku maji, nikayapima. Nilishuku fosfeti, nikafungua kopo jipya. Nilishuku mkono wa Mzee Feruzi, nikatengeneza bafa mwenyewe huku yeye amesimama pembeni, mikono nyuma. Nilitengeneza mara tatu. Kila mara mgonjwa wetu alitoka, na kijiji hakikutoka. Nikajiambia: bafa haina kosa, kwa hiyo jibu halina kosa. Rangi haionekani kwa sababu watu wa kule wana upungufu wa damu. Nilikuwa na maelezo kamili, na yaliingiana vizuri.

"Damu ni damu," akasema Mzee Feruzi. "Hata ya mtu aliyekonda ina rangi. Hizi hazikutoka kwenye karatasi. Mpelekee Kasanda barua, mwulize zililala wapi."

"Nimewafundisha mwenyewe, Mzee. Zililala pakavu."

"Pakavu wapi?"

Nikavuta fomu. Siku hiyo simu ilikuwa imeshapigwa mara mbili kutoka ofisi ya mkoa. Kaya nyingine zilikuwa zimefunga mizigo zikisubiri kuhamishiwa kijijini hapo kabla barabara haijakatika, na ofisa aliyekuwa upande wa pili wa simu alitaka neno moja. Fomu yetu ilikuwa na safu mbili: Ana, na Hana.

"Andika hazikutoka," akasema Mzee Feruzi.

"Hakuna safu hiyo."

"Chora."

"Nani kaniruhusu kuchora?"

Mimi, Bibi Kwa-nini, niliyehoji hata mahali pa meza, siku hiyo niliheshimu mistari ya fomu. Nikaandika Hana, kuanzia namba moja mpaka ya mwisho, nikatia sahihi, barua ya majibu ikatumwa. Kaya zile zilihama wiki iliyofuata.

Sasa niwaambie jambo ambalo vitabu vyenu huenda vinaliweka kwenye ukurasa msioufungua. Kineli chetu cha mgonjwa tunayemjua kilithibitisha bafa, kilithibitisha jeli, kilithibitisha mikono yetu. Hakikuthibitisha karatasi za Kasanda, kwa sababu damu ya mgonjwa yule ilikaushwa Tabora, juu ya rafu yetu, chini ya paa letu la bati. Kipimo cha kulinganishia lazima kisafiri njia ileile na kilale palepale. Vinginevyo unajilinganisha na wewe mwenyewe.

Masika yalikuwa yamekwisha nilipoitwa wodi ya wanaume. Kwenye benchi la ukumbini alikaa mama mmoja wa makamo, na kichwa cha mwanamume kimemlalia begani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na mwanamume yule alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Sikutambua kwamba ni Mzee Kasanda mpaka nilipoliona daftari mfukoni mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?" Alikuwa mke wake, Mama Nyamizi. "Anakutaja sana. Akiamka anakutaja."

"Ameanza lini?"

"Homa ilianza kabla tumbaku haijaisha kuvunwa. Halafu kichwa. Halafu akawa analala akiwa na kijiko mkononi. Nilimwambia mganga wa zahanati, haya ni malale, shangazi yangu alikufa hivi. Akanionyesha barua yenu. Akasema, mama, Tabora wamepima, hana. Akampa klorokwini ya malaria." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasimulia safari. "Tumekunywa klorokwini mpaka masikio yanavuma."

Nikapiga magoti mbele ya benchi. Nikamwuliza swali la babu yake Feruzi, miezi miwili na nusu baada ya wakati wake. "Mama, karatasi zile Mzee alizikaushia wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Bani. Masika yale kuna mahali gani pengine pakavu? Nyumba mpya zote zinavuja. Alizitundika juu kule, pamoja na majani ya tumbaku. Wenzake walimwambia zikikaa siku moja inatosha. Akasema hapana, mwalimu kasema kabisa. Alikaa siku nne anachochea kuni mwenyewe, asimwamini mtu."

Kwa mtu asiyelijua, bani ni nyumba ndefu isiyo na madirisha, ambamo moto hupita kwenye mabomba ya chini na majani ya tumbaku hukaushwa kwa joto siku baada ya siku. Mwishoni, joto lile huwezi kulistahimili. Weka yai ndani litaiva. Damu nayo huiva. Protini zilikuwa zimepikwa zikashikana na nyuzi za karatasi, na hakuna bafa duniani ambayo ingezibembeleza zitoke. Kasanda alifuata maneno yangu kwa uaminifu kuliko mtu mwingine yeyote niliyewahi kumfundisha. Kama angekuwa mvivu, kama angezianika siku moja uvunguni mwa kitanda, angepona.

Nilimchoma kidole hapohapo. Nikaikausha karatasi juu ya rafu yetu, nikailoweka, na kesho yake maji yalikuwa mekundu. Pete yake ilikuwa kubwa mpaka ikagusa ya jirani. Hadubini haikuhitaji kutafuta sana. Na maji ya uti wa mgongo yalionyesha kwamba wadudu wamekwishafika kichwani. Hapo ilibaki sindano ya arseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wale iliotumwa kuwaokoa.

Mzee Feruzi na mimi tulikwenda kijijini kupima upya. Tulibeba makopo ya maziwa yenye vifuniko, ndani yake mchele uliokaangwa mpaka ukawa wa kahawia. Karatasi inaning'inizwa kivulini mpaka ikauke inavyoweza, kisha inafungiwa ndani ya kopo. Mchele unanyonya unyevu uliobaki bila moto. Mbinu hiyo ilikuwa ya Mama Feruzi, mke wa Mzee, aliyehifadhi chumvi yake hivyo masika yote. Mtu yeyote wa Mtendeni angeniambia kama ningeuliza. Katika kila kopo tuliweka pia karatasi ya mgonjwa tunayemjua, iende na kurudi pamoja na nyingine.

Tulipata wagonjwa. Wengine waliwahi, wengine walikuwa wa zile kaya zilizohamia baada ya barua yangu. Sitawapa idadi yao. Kila nilipowahesabu nilijikuta natafuta hesabu ya kunifariji.

Tuliporudi nilichukua rula nikachora safu ya tatu kwenye fomu zote zilizobaki kabatini. Nikaandika juu yake: Haikutoka. Nilisubiri mtu aniulize nani kaniruhusu. Hakuna aliyeuliza mpaka nilipostaafu. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mzee Kasanda alipata sindano mbili. Baada ya ya pili alikuwa na saa chache za kuwa macho kweli, na Mama Nyamizi akaja kuniita maabara, koti langu likiwa bado limelowa bafa. Nilisimama kando ya kitanda. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yote: kwamba swali lake lilikuwa sahihi, kwamba kosa lilikuwa la jibu langu.

Akanitangulia.

"Mwalimu," akasema, sauti inatoka kwa taabu. "Zile karatasi. Zilikauka vizuri?"

Mama Nyamizi alikuwa ananitazama. Alikwishajua, nilikuwa nimemwambia.

"Zilikauka, Mzee," nikasema. "Sijaona zilizokauka vile."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akafumba macho, ameridhika, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba kutoka mbali na kuambiwa umefika salama. Alifariki siku ya tatu. Daftari lake Mama Nyamizi alinipa mimi, akisema yeye hajui kusoma. Ninalo hadi leo. Huyo mjukuu wa dada yangu akija tena na kichupa chake, nitamfungulia ukurasa ule wenye maneno yangu mawili.